Kompyuta Darasani: Tupime Kabla ya Kununua

Wengi wetu tunaosomea ualimu tutakwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, na baadhi yetu tayari tunafundisha darasa la ziada la Jumamosi ambalo jumuiya inaliendesha kwa wanafunzi wa sekondari. Katika kikao kilichopita lilitolewa pendekezo kwamba fedha zilizochangwa zinunue kompyuta. Hakuna aliyelipinga. Makala haya yanataka tulipime pendekezo hilo kabla fedha hazijatoka, kwa kuwaangalia waliotutangulia.

Tuanzie hapa Rwanda. Mwaka 2008 nchi yetu iliingia katika mpango wa One Laptop per Child, ule uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa nia ya kumpa kila mtoto kompyuta yake. Kadiri miaka ilivyokwenda, zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawiwa katika shule za msingi. Wapo kati yetu wanaoikumbuka ile mashine nyeupe na kijani yenye antena mbili kama masikio. Jambo linalosahaulika ni kwamba mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, iliamuliwa kuwa masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwalimu wa kijijini alitakiwa ajifunze lugha mpya na mashine mpya kwa pamoja, huku darasa lake likiwa limejaa kama jana. Ukisikia kwamba mahali fulani kompyuta zilikaa kabatini, usiharakishe kumlaumu.

Peru ilifuata mpango huo kwa ukubwa zaidi, na bahati nzuri matokeo yake yalipimwa. Watafiti walilinganisha shule 319 za msingi, nyingi za vijijini, baadhi zikiwa zimepewa kompyuta na nyingine bado. Kabla ya mpango kulikuwa na kompyuta moja kwa wanafunzi wanane hivi. Katika shule zilizopewa, kompyuta zikawa nyingi kuliko wanafunzi wenyewe. Baada ya miezi 15 watoto walipewa mtihani. Katika hisabati na lugha hapakuonekana tofauti yoyote. Vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri vilipanda kidogo, na watoto walijua kuitumia mashine, basi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2012 na yaliwashtua wengi, ingawa sioni la kushangaza. Mashine ilikuwa na programu nzuri, lakini hakuna iliyofungamanishwa na somo la kesho asubuhi.

Sasa tazama Delhi. Mwaka 2015 wanafunzi 619 wa shule za serikali walishiriki katika jaribio jingine. Kwa bahati nasibu, nusu yao walipewa nafasi katika vituo vya masomo ya baada ya shule vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Wanafunzi wa darasa la 6 walikuwa nyuma ya mtaala wa hisabati kwa wastani wa miaka miwili na nusu, na wa darasa la 9 walikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka minne. Programu haikujali mwanafunzi amevaa sare ya darasa gani. Ilimpima kwanza, ikamwanzishia pale alipo, ikampa swali, ikaona amekosea wapi, ikamrudisha hatua moja. Kila siku alikaa dakika 90: nusu mbele ya kompyuta, nusu na mwalimu katika kikundi kidogo. Baada ya miezi minne na nusu tu, waliopewa nafasi walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika hisabati, na katika Kihindi pia.

Utafiti huo una jambo la kututuliza kidogo. Katika mitihani ya hisabati ya shule yao maendeleo hayo hayakuonekana wazi, kwa sababu mtihani uliuliza mambo ya darasa la 8 kwa mtoto aliyekuwa ametoka darasa la 4 kwenda la 5. Alikuwa amesonga, ila bado hajafika palipokuwa panaulizwa. Mzazi anayetazama ripoti ya muhula peke yake angesema mtoto hajajifunza kitu.

Ukifikiri vizuri, njia hii si ngeni kwetu. Katika madrasa za Qur'ani tulizopitia, wanafunzi thelathini walikaa chumba kimoja na hakuna wawili waliokuwa mahali pamoja. Huyu yuko kwenye alif na be, yule yuko katikati ya Juzuu Amma, na mwalimu humsikiliza kila mmoja kwa zamu. Akizidiwa, wanafunzi wakubwa huwasikiliza wadogo. Hakuna aliyevushwa kwenda sura ya mbele kwa sababu tu mwaka umekwisha. Shuleni tumezoea kinyume chake: sote ukurasa wa 47, aliyeelewa na asiyeelewa. Programu ya Delhi iliurudisha usikilizaji ule ndani ya hisabati, na kwa hiyo sioni kwamba kompyuta yenyewe ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Lakini wengi wetu, tutakapokwenda mazoezi, tutakuta kompyuta moja, projekta moja na wanafunzi hamsini. Hapo tutafanya nini? La kwanza, tusinakili kitabu kwenye slaidi. Kusoma ukutani ni kusoma tu, tena kwa mwanga hafifu.

Chukua mfano wa mstari y = 2x + 1. Usianze kwa kuwasha projekta. Waambie wauchore kwenye daftari, kisha uliza: nikibadilisha 2 iwe 5, mstari utasimama zaidi au utalala? Kila mmoja achore anachodhani na amweleze jirani yake kwa nini. Hesabu mikono ya kila upande. Njia hii ya kuuliza, kupiga kura, kujadiliana na kupiga kura tena ilipata umaarufu kupitia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia katika fizikia mwaka 1991, na haihitaji mashine yoyote. Baada ya hapo ndipo ufungue GeoGebra, ambayo haina malipo, na ubadilishe namba mbele ya macho yao. Mstari utazunguka bila kuiacha nukta (0, 1). Mwanafunzi akiuliza kwa nini hauiachi, umeshapata somo la siku hiyo. Kwa chaki ungechora mistari kumi na kengele ingekukuta.

Walimu wa fizikia na kemia watazame majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado. Mengi hupakuliwa mapema na kutumika bila intaneti. Hakikisha tu uliyoyapakua yanafunguka kwenye mashine ya shule, si kwenye yako peke yake.

Nirudi kwenye fedha zetu. Darasa la Jumamosi lina wanafunzi wapatao arobaini. Kwa maoni yangu kompyuta tano zilizotumika zinatosha, wanafunzi wawili kwa mashine. Katika mji wa Vadodara nchini India watoto wa darasa la 4 walishirikiana hivyohivyo, kwa saa mbili tu kwa wiki, na alama zao za hisabati zikapanda. Mwaka mmoja baada ya mpango kusimama, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imefifia, kwa hiyo tusipange jambo la muhula mmoja. Tuweke Kolibri, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: mashine moja hubeba masomo na nyingine huyasoma kutoka kwake. Wanafunzi kumi wakiwa kwenye kompyuta kwa dakika arobaini, thelathini waliobaki wawe na walimu katika vikundi vya uwezo mmoja, kisha wabadilishane zamu.

Fedha zitakazobaki zilipe siku tatu za maandalizi ya walimu wa kujitolea, na atajwe kabisa mtu wa kutengeneza mashine zikiharibika. Hilo la mwisho katika kikao halikuguswa. Ama jaribio la karatasi la kuwapanga wanafunzi katika vikundi, maswali ishirini ya sehemu na desimali, halihitaji faranga hata moja, na linaweza kufanyika Jumamosi ijayo, inshaallah.