Mahamali wa Tunis, Sheikh wa Zaytuna na Mas-ala ya Mgomo



Muhula uliopita akina mama wanaosafisha mabweni yetu waliweka mafagio chini kwa siku tatu. Kampuni iliyopewa zabuni ya usafi ilikuwa haijawalipa kwa miezi miwili. Katika darsa baada ya Alasiri ndugu mmoja akauliza kama Muislamu anaruhusiwa kugoma. Kabla amiri hajajibu, ndugu mwingine akasema kwamba vyama vya wafanyakazi ni mambo ya wakomunisti na hayana asili kwa Waislamu. Wengi waliafiki.

Swali la kwanza ni la fiqhi na lina mjadala, nitaligusa hapa chini. Kauli ya pili ni ya historia, na historia haiungi mkono. Nitachukua mfano wa Tunisia, nchi iliyokuwa chini ya Ufaransa kuanzia mwaka 1881 hadi 1956, ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, na ambayo ina msikiti wa Zaytuna, mojawapo ya vyuo vya kale kabisa vya elimu yetu.

Mahamali wa mwaka 1924

Mwezi wa Agosti 1924 mahamali wa bandari ya Tunis waligoma. Walidai walipwe kama wenzao wa bandari ya Marseille, ng'ambo ya bahari, kwa kuwa meli ni zile zile na mizigo ni ile ile. Vyama vya wafanyakazi vilikuwepo Tunis wakati huo, lakini vilikuwa matawi ya vyama vya Ufaransa. Viongozi wake walisema wafanyakazi wote ni kitu kimoja, na huku mtumishi wa serikali Mfaransa akipata nyongeza ya theluthi ya mshahara juu ya Mtunisia wa kazi ile ile. Nyongeza hiyo ilikuwa na jina lake kabisa: theluthi ya kikoloni.

Aliyejitokeza kuwaongoza ni Mohamed Ali El Hammi, mtu wa El Hamma huko kusini, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Berlin. Mwanzoni alitaka kuanzisha vyama vya ushirika ili maskini wanunue chakula kwa bei nafuu. Migomo ndiyo iliyomvuta kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwezi wa Desemba 1924 yeye na wenzake wakaunda chama cha kwanza cha wafanyakazi wa Tunisia kilichojitegemea. Hakikudumu. Februari 1925 alikamatwa, akashtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa dola, na akahukumiwa kufukuzwa nchini kwa miaka kumi. Chama cha siasa cha Destour, kilichodai kupigania haki za Watunisia, kilijitenga naye kipindi kile kile alichohitaji msaada. Mohamed Ali alifariki mwaka 1928 katika ajali ya gari huko Hijaz.

Miongoni mwa wenzake alikuwemo kijana wa umri wetu, Tahar Haddad, mhitimu wa Zaytuna. Mwaka 1927 alichapisha kitabu kuhusu wafanyakazi wa Tunisia na kuzaliwa kwa harakati yao, na serikali ya kikoloni ikakikamata. Wengi wanamjua Haddad kwa kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu wanawake, kilichowakasirisha masheikh wa Zaytuna. Ugomvi ule si mada yangu leo. Naona tu kwamba ulikifunika kitabu cha kwanza, na hilo ni hasara kwa sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu, maana hapo alikuwepo mwanafunzi wa fiqhi aliyekaa na mahamali na kuandika madai yao.

Je, fiqhi inasemaje?

Mimi si mufti, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ninachoweza ni kurejea mlango wa ijara ambao sote tunausoma.

Msingi unajulikana. Katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake, ni mmoja wa watatu ambao Allah (S.W.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Katika Ibn Majah tunaamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo mtu ambaye hajalipwa kwa miezi miwili ana haki ya kudai, na sijamwona mwanachuoni anayemlazimisha aendelee kumtumikia aliyevunja mkataba kwanza.

Ugumu uko pale ujira unapolipwa kwa wakati lakini ni mdogo. Ijara ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili. Aliyeajiriwa kwa mwezi akakaa nyumbani wiki moja, hana ujira wa wiki hiyo, na akiwa amemsababishia mwajiri hasara bila haki, atakuwa na la kujibu. Lakini kibarua wa siku moja mkataba wake umekwisha jua linapozama. Asiporudi kesho hajavunja kitu. Mahamali mia wakikubaliana kutorudi kesho, kila mmoja wao bado hajavunja kitu.

Kuna mas-ala moja katika vitabu vya Kihanafi iliyonishangaza nilipoisoma pamoja na habari za Tunis. Fundi ambaye kazi yake inaacha athari kwenye kitu, kama mtia rangi nguo au dobi, anaruhusiwa kukizuia kitu hicho mpaka alipwe. Hamali na mwenye chombo cha majini hawaruhusiwi, kwa sababu kazi yao haiachi athari kwenye mzigo. Yaani fukahaa walikwisha kufikiria juu ya mfanyakazi kuwa na kitu cha kumshikia mwajiri, na wakaona kwamba mchukuzi hana. Mchukuzi amebakiwa na mikono yake tu. Kwangu mimi hii inaufanya mgomo wa bandarini ueleweke vizuri zaidi, ingawa sidai kwamba Mahanafi wa zamani waliuruhusu.

Na dai lenyewe, la kulipwa sawa? Tunayo istilahi ya ujira wa mfano, yaani ujira anaolipwa mtu wa kazi kama hiyo mahali hapo. Hukumu yake huja hasa mkataba unapokuwa na kasoro, na fukahaa huangalia ada ya mji husika. Kwa kipimo hicho hoja ya Marseille ni dhaifu kidogo, kwa kuwa ni mji mwingine na soko jingine. Hoja ya theluthi ya kikoloni ina nguvu zaidi: ofisi moja, mji mmoja, kazi moja, tofauti ni uzawa tu. Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu waliopunja vipimo, na akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Sioni kwa nini kazi ya mtu isihesabiwe kuwa miongoni mwa vitu vyake.

Kikao cha Khalduniya

Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa kisheria mwaka 1932, lakini kilichodumu kilizaliwa tarehe 20 Januari 1946. Siku hiyo, katika taasisi ya elimu ya Khalduniya mjini Tunis, uliundwa Umoja Mkuu wa Wafanyakazi wa Tunisia, unaojulikana kwa herufi UGTT. Katibu mkuu alikuwa Farhat Hached, mtoto wa mvuvi kutoka visiwa vya Kerkennah, aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya usafirishaji.

Rais alikuwa Sheikh Muhammad Fadhil Ibn Ashur, mwalimu wa Zaytuna. Kama jina unalifahamu, ni kwa sababu baba yake ni Sheikh Muhammad Tahir Ibn Ashur, mwenye tafsiri ya At-Tahrir wat-Tanwir na kitabu cha Maqasid ash-Sharia, ambacho kilichapishwa Tunis mwaka huo huo wa 1946. Wengi wetu tumenukuu Maqasid katika kazi za darasani bila kujua kwamba mtoto wa mwandishi alikuwa anaongoza vikao vya wafanyakazi. Sheikh hakukaa muda mrefu katika kiti hicho. Baadaye, mwaka 1962, alikuwa Mufti wa Tunisia.

Gharama ilikuwa kubwa. Tarehe 5 Agosti 1947 askari waliwafyatulia risasi wagomaji wa Sfax, wakafa watu wapatao 30. Mwaka 1951 UGTT ilijiunga na shirikisho la kimataifa la vyama huru, lile lile ambalo mwaka 1958 lilifungua chuo cha wafanyakazi wa Afrika hapa Kampala. Tarehe 5 Desemba 1952 Hached aliviziwa karibu na Radès akauawa kwa risasi, kazi iliyohusishwa na kundi la siri la Kifaransa lililojiita Mkono Mwekundu. Siku chache baadaye wafanyakazi wa Casablanca, nchi nyingine kabisa, waligoma kwa ajili yake, na wengi wao wakauawa.

Baada ya uhuru

Hapa ndipo ndugu zetu wanaosema "sawa, dhidi ya mkoloni inafaa" wanapopata kazi. Uhuru ulipatikana Machi 1956, na viongozi wa UGTT wakaingia serikalini kama mawaziri. Kwa miaka mingi chama kilikuwa karibu sana na Rais Bourguiba, na kwa maoni yangu ukaribu huo uliwadhuru wafanyakazi, maana mtetezi na mwajiri walikuwa wanakula meza moja. Kisha tarehe 26 Januari 1978 UGTT iliitisha mgomo wa nchi nzima. Jeshi likatoka mitaani. Makumi ya watu waliuawa, na katibu mkuu Habib Achour, aliyejeruhiwa na Wafaransa kule Sfax mwaka 1947, akafungwa na serikali ya nchi yake. Waliopiga risasi ni Waislamu na waliopigwa ni Waislamu.

Chama hakikufa. Januari 2011 matawi yake ya mikoani yaliitisha migomo, ule wa Sfax ukiwa tarehe 12, siku mbili kabla Ben Ali hajakimbia. Mwaka 2013, nchi ilipokaribia kugawanyika kati ya chama cha Ennahda na wapinzani wake, UGTT pamoja na umoja wa waajiri, jumuiya ya haki za binadamu na chama cha mawakili waliwakalisha mezani mpaka wakakubaliana. Wanne hao walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2015, na chama cha wafanyakazi na cha waajiri walisimama kuipokea pamoja.