Mafunzo Niliyopata kwa Vitabu vya Picha Goma

Ninafundisha watoto wa madarasa ya kwanza, mtaa wa Ndosho, mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Wakubwa kati yao wanakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Wote wanakumbuka Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji.

1. Uliza habari za sungura wa kitabuni. Ukimwambia mtoto, "Uko na woga?" atakujibu, "Hapana, mwalimu," hasa akiwa mvulana na wenzake wanamtazama. Mwonyeshe sungura aliyejificha chini ya kitanda, kisha uliza anaogopa nini. Mmoja aliniambia sungura amesikia bombe, na mama yake alikwenda soko la Virunga hajarudi. Sikumuuliza kama ni mama yake yeye. Nilimuuliza tumsaidieje sungura. Akasema akae karibu na dada yake, na dada asizime tochi. Hapo nilijua la kumwambia dada wa mtoto huyo jioni.

2. Pitia kurasa zote kabla ya watoto. Kitabu cha Mhispania Anna Llenas, El monstruo de colores (2012), kimeipa hasira rangi nyekundu. Ni kitabu kizuri, lakini kwa mtoto anayelala chini ya Nyiragongo nyekundu ni moto unaoshuka mlimani, tena ni ishara ya kubeba godoro na kukimbia.

3. Fotokopi nyeusi na nyeupe inatosha. Ya rangi ni ghali, na watoto wakipaka wenyewe huchagua wenyewe hasira iwe ya rangi gani. Hadithi za bure zipo: African Storybook ya Afrika Kusini inazo za Kiswahili, na Shujaa Wangu ni Wewe, iliyochorwa na Helen Patuck wakati wa korona mwaka 2020, ilitolewa bure kwa lugha nyingi.

4. Si kila hadithi imalizike kwa baba kurudi nyumbani. Darasani wapo ambao baba hatarudi.

5. Wazazi wengine husema kumuulizauliza mtoto ni kumkumbusha vita. Sikubaliani nao: vita hajavisahau, amenyamaza tu. Ila sibishani; humkaribisha mama akae nyuma ya darasa asikilize. Baadhi yao huomba kitabu waende nacho.

6. Kitabu si dawa. Mtoto akikosa usingizi wiki kwa wiki, au akiacha kabisa kusema, mpeleke kituo cha afya, uombe kuonana na mshauri wa kisaikolojia.