Jukwaa la Kioo Ukingoni mwa Maporomoko: Kanuni ya Momenti

Maporomoko ya Kalambo, kwa jirani zetu wa Rukwa mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200. Chukulia kuwa mhandisi anajenga pale jukwaa la kutazamia lenye sakafu ya kioo, lililotokeza nje ya mwamba kama lile la Grand Canyon, Marekani, lililofunguliwa mwaka 2007. Ni nini kinachozuia jukwaa lisipinduke na watalii wake?

Watahiniwa wengi huandika "ugumu wa kioo" na kukosa alama zote. Kioo cha sakafu hutengenezwa kwa matabaka yaliyounganishwa na plastiki ngumu, ili moja likipasuka mengine yaendelee kubeba. Hilo humzuia mtu asitumbukie. Kupinduka ni habari nyingine: ni momenti, na kila anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo hapa Mbangala anaifahamu kwa mikono yake.

Mfano: Jukwaa lina urefu wa m 10 na uzito wa N 120,000 uliosambaa sawasawa. Mita 4 zimelala juu ya mwamba, mita 6 ziko hewani. Watalii 20, kila mmoja N 700, wamejazana nchani kupiga picha. Tafuta kani ya bolti zilizofungwa mwisho wa upande wa mwamba.

Egemeo ni ukingo wa mwamba. Kitovu cha uzito kiko katikati, m 5 kutoka kila ncha, yaani m 1 nje ya ukingo. (Hapa ndipo wengi hupotea: hupima umbali kutoka nchani badala ya kwenye egemeo.)

Momenti ya jukwaa: 120,000 × 1 = 120,000 Nm
Momenti ya watalii: 14,000 × 6 = 84,000 Nm
Jumla: 204,000 Nm
Kani ya bolti: F × 4 = 204,000, hivyo F = N 51,000, kuelekea chini.

Usisahau mwelekeo, nao una alama yake.

Daraja la kioo la Zhangjiajie, China, lilifunguliwa Agosti 2016 na kufungwa baada ya siku 13 tu. Halikuvunjika, bali wageni walizidi mno.

Zoezi: Watalii walewale 20 wakisambaa sawasawa kwenye mita 6 za nje, F itakuwa kiasi gani? Eleza kwa nini mlinzi huwakataza watu kurundikana nchani. (Jibu la hesabu: N 40,500.)