Nafasi ya Valvu kwenye Injini ya Boti: Maswali na Majibu

Maswali haya yanamlenga mwanafunzi wa ufundi injini za baharini. Mifano inatoka kwenye injini mbili: Perkins 4.108 ya silinda nne na Yanmar 2GM20 ya silinda mbili. Zote zina pushirodi na roka, ila zinatofautiana vya kutosha kumnasa anayekariri bila kuelewa.

1. Nafasi ya valvu ni nini? (Alama 2)

Ni mwanya mdogo kati ya roka na ncha ya shina la valvu, unaopimwa wakati valvu imefunga kabisa na kamshafti haiisukumi roka. Ukiandika "uwazi uliopo kwenye valvu" na kuishia hapo, umejipa nusu ya alama. Neno la kutosahau ni "imefunga".

2. Kwa nini mwanya huo uachwe? (Alama 2)

Chuma kikipata moto hurefuka. Shina la valvu likirefuka bila kuwa na pa kwenda, roka itaizuia valvu isikalie kiti chake barabara. Mwanya ndio unaolipa shina pumzi.

3. Boti A inagonga tik-tik-tik juu ya hedi. Boti B imetulia kimya, lakini asubuhi inawaka kwa taabu na nguvu imepungua. Ipi ipimwe kwanza? Eleza. (Alama 6)

Boti B. Wengi huikimbilia A kwa sababu inapiga kelele, na mtahini anajua hivyo.

Mwanya ukizidi, roka huigonga valvu badala ya kuisukuma. Valvu huchelewa kufunguka, huwahi kufunga, na haifunguki hadi mwisho wake. Injini hupumua vibaya, na ncha ya shina na roka huzidi kulika. Ni kasoro ya kurekebishwa, lakini angalau inajitangaza.

Mwanya ukipungua hadi kwisha, valvu haifungi. Mgandamizo unavuja, na dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa tu, haina plagi ya cheche ya kuiwasha. Ndiyo maana kuwasha kunakuwa kugumu, hasa injini ikiwa baridi. Kibaya zaidi kinaipata valvu ya kutolea moshi. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka kupitia kiti, pale inapokikalia. Isipokikalia, joto halina njia, gesi ya moto inapenya pembeni, na ukingo wa valvu unaungua. Hapo kazi ya fila geji (jani la kupimia mwanya) imegeuka kuwa kazi ya kushusha hedi. Na yote hayo yametokea kimya kimya.

4. Taja nafasi sahihi kwa injini zote mbili. (Alama 2)

Perkins 4.108: mm 0.30 (inchi 0.012) ikiwa baridi. Yanmar 2GM20: mm 0.20 ikiwa baridi. Katika injini hizi valvu za kuingiza hewa na za kutolea moshi zina kipimo kimoja. Zipo injini nyingine ambazo ya moshi hupewa mwanya mkubwa zaidi. Usihamishe namba ya injini moja kwenda nyingine kwa sababu zimefanana sura. "Baridi" maana yake injini imelala saa nyingi. Kuweza kushika kava bila kuungua hakutoshi.

5. Utaandaa nini kabla ya kufungua kava ya roka? (Alama 4)

Zima swichi kuu ya betri, mtu asije akabonyeza stata vidole vyako vikiwa kwenye roka. Weka giaboksi kwenye nyutro, la sivyo utakuwa unazungusha na shafti ya propela pia. Futa kava kabla ya kuifungua. Chumvi na uchafu vikidondokea ndani vitaishia kwenye oili. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki, kwa kuelekea upande inakozungukia kawaida, kwa sababu ukiirudisha nyuma mapezi ya impela ya pampu ya maji ya bahari yanapinduka. Kuitikisa kidogo nyuma na mbele hakuna neno.

Kama injini ina mkono wa kuachia mgandamizo unaobaki ukikandamiza valvu, urudishe mahali pake kabla ya kupima. Valvu iliyoshikiliwa wazi haipimiki.

6. Utajuaje silinda ya Perkins iko tayari kupimwa? (Alama 5)

Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, na namba moja iko mbele, upande wa puli. Silinda 1 na 4 hupanda na kushuka pamoja, vivyo hivyo 2 na 3. Kwa hiyo huhitaji hata alama ya flaiwili: tazama silinda mwenzake. Valvu za 4 zikipishana, yaani ya moshi inamalizia kufunga huku ya hewa inaanza kufunguka, silinda 1 iko kileleni mwa mgandamizo na valvu zake zote mbili zimefunga. Pima 1. Zungusha nusu duru: za 2 zinapishana, pima 3. Nusu nyingine: za 1 zinapishana, pima 4. Nusu ya mwisho: za 3 zinapishana, pima 2. Duru moja na nusu, kazi imekwisha.

7. Mwanafunzi alianza na silinda iliyo upande wa puli ya Yanmar akiiita namba moja, akapima, akazungusha nusu duru na kupima ya pili. Kosa liko wapi? (Alama 4)

Yanmar huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili. Aliyoiita moja ni ya pili. Ukimaliza namba 1 ya kweli, namba 2 inafika kileleni baada ya nyuzi 180. Lakini kutoka 2 kurudi 1 ni nyuzi 540, duru moja na nusu. Nusu duru aliyozungusha ilimfikisha pistoni inapokuwa juu ikimaliza kutoa moshi, valvu zikipishana, na kipimo chake ni cha uongo. Kinga ni rahisi: tikisa kranki kidogo huku na huku. Roka zote mbili zikitulia, uko penyewe. Zikicheza kwa kupokezana, endelea kuzungusha.

8. Eleza namna ya kurekebisha. (Alama 4)

Pitisha jani la fila kati ya roka na shina. Linatakiwa kuteleza kwa kukwama kidogo, bila kulazimishwa na bila kupinda. Ukihitaji kurekebisha, legeza nati ya kufungia, geuza skrubu kwa bisibisi hadi jani liteleze sawa, ishike skrubu isigeuke, kisha kaza nati. Pima tena. Kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki, kwa kuwa nati hupenda kuondoka na skrubu.

9. Skrubu inashuka mm 1 kwa mzunguko mmoja. Mkono wa roka upande wa valvu ni mara 1.5 ya ule wa pushirodi. Mwanya ni mm 0.15, unatakiwa uwe mm 0.30. Geuza nyuzi ngapi? (Alama 3)

Ongezeko ni 0.15. Upande wa skrubu ni 0.15 ÷ 1.5 = mm 0.10, sawa na moja ya kumi ya mzunguko: nyuzi 36, kwa kulegeza.

10. Fila inasema 0.30, lakini roka bado inagonga. Kwa nini? (Alama 2)

Uso wa roka umechimbika. Jani bapa linakaa juu ya kingo za shimo na kuupita mwanya halisi, ambao ni mkubwa zaidi.

11. Hedi imefungwa upya. Valvu zirekebishwe kabla au baada ya kukaza boliti kwa torki? (Alama 2)

Baada. Gasketi ikibanwa hedi hushuka, pushirodi hazifupiki, na mwanya unapungua.

12. Kwa nini uandike vipimo ulivyovikuta, kabla ya kugusa chochote? (Alama 3)

Kwa maoni yangu hili lilistahili alama zaidi. Kipimo ulichoweka kitafanana siku zote. Ulichokikuta ndicho chenye habari. Valvu ile ile ikikutwa imebana kila huduma, kiti chake kinalika na valvu inazama ndani ya hedi. Kulegeza skrubu kila mara ni kuahirisha. Mwanya unaozidi kupanuka huelekeza macho kwenye roka, pushirodi au kamshafti.

13. Baada ya kazi, injini inagoma kuwaka. Kuna hatari gani ya kuendelea kupiga stata? (Alama 3)

Pampu inavuta maji ya bahari kila injini inapozunguka, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye sanduku la ekzosti, yanapanda, na kupitia valvu ya moshi iliyo wazi yanaingia silindani. Funga koki ya maji ya bahari wakati wa kujaribu, ifungue mara tu injini ikiwaka.