Bedsita ya kwanza: nini kinunuliwe sasa, nini kingoje

Umepata nafasi chuoni, hosteli zimejaa, na sasa unaenda kukodi bedsita. Chumba kimoja, choo ndani ukibahatika, sinki kwenye kona, na ukuta ambao keateka ameupaka rangi juzi kuficha alama za aliyehama. Pesa zako zinatoka mahali pawili au patatu: nyumbani wametuma kidogo, HELB imeingia au bado inangojewa, labda kuna kibarua cha wikendi. Zote zinapitia kwenye simu, na zinaweza kutoka kwenye simu hiyo hiyo kwa siku mbili bila wewe kuona zimeenda wapi.

Chumba kinaweza kuwa kizuri kwa pesa kidogo. Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Mtu ananunua spika kubwa kabla ya pazia, anaweka stika za ukutani halafu analala kwenye godoro linalomwacha na mgongo unaouma hadi lecha ya saa nne.

Hebu tufanye hesabu kwanza. Chukua mwanafunzi anayehamia Juja. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaa wako. Tuseme simu yake ina shilingi 20,000. Kodi ya mwezi wa kwanza ni 5,000, dipoziti nyingine 5,000, dipoziti ya maji na stima 1,500, usafiri wa vitu 1,000. Hapo ameshamaliza 12,500, na zimebaki 7,500. Akiiangalia salio anaona kama bado yuko na pesa. Lakini atakula nini mwezi huo? Toa 4,500 za chakula, tokeni, nauli na fotokopi. Pesa za kupanga nyumba ni 3,000. Si 20,000, wala si 7,500. Ni 3,000.

Ukishaijua hiyo nambari, iondoe kwenye salio la kawaida. Kama huduma yako ya simu ina akiba ambayo unaweza kuifunga kwa muda, weka pesa za chakula huko kwa mafungu ya wiki, na zile 3,000 ziache peke yake. Pesa zikiwa zimechanganyika, kila kitu kinaonekana cha bei rahisi.

Kabla ya kutuma dipoziti

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na hutokea kabla hujanunua hata kijiko. Mwezi ambao wanafunzi wapya wanaripoti, matangazo ya vyumba hujaa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Picha ni safi, bei iko chini kidogo kuliko ya majirani, na anayeitwa ajenti anakwambia, "Kuna watu wawili wanakitaka, tuma ya kushikia." Ukituma, anaomba nyingine ya ufunguo. Halafu simu inazimwa.

Usitume shilingi kwa chumba ambacho hujaingia. Hata kama uko Kitale na chuo kiko Juja, tafuta mtu wa kwenu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, binamu, mtu yeyote wa kukuangalilia. Aingie ndani, afungue bomba, awashe taa, aongee na jirani wa mlango wa pili amuulize keateka ni nani na kodi hulipwa kwa nambari gani. Majirani wanaijua nambari hiyo kwa kichwa. Kama ile uliyopewa ni tofauti, umeshapata jibu lako.

Lipa ukiwa umesimama mlangoni, ufunguo uko mkononi. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la mwenye ploti wala la keateka uliyeambiwa, simama uulize. Ukishalipa, usifute ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini uihifadhi mahali pengine pia, kwa sababu simu huibwa. Omba risiti ya karatasi inayosema dipoziti ni ngapi na kodi ni ngapi. Ujumbe wa simu unaonyesha umetuma 10,000, hauonyeshi ni za nini.

Ukiwa bado mlangoni, uliza stima. Ploti nyingi zina mita ndogo ya kila chumba, na tokeni zake huuzwa na mwenye nyumba au kampuni aliyoiweka. Uliza yuniti moja ni pesa ngapi, kisha linganisha na ploti ya jirani. Chumba cha kodi ya chini chenye stima ghali kinaweza kukugharimu kuliko kile ulichokikataa.

Pitisha pia mkono kwenye ukuta, hasa chini ya dirisha na nyuma ya mlango wa bafu. Ukuta wenye unyevu huwa baridi na rangi yake hufura au kutoka unga. Hakuna pazia wala kapeti itakayoshinda ukungu. Kama ni chumba cha chini na ukuta unanuka, nenda ghorofa ya juu hata kama ngazi ni nyingi.

Anza na kile ulicho nacho

Wengi waliomaliza sekondari ya bweni wana vitu ambavyo wanaviacha nyumbani kwa kuona haya: godoro la shule, sanduku la bati, ndoo, blanketi. Vibebe. Godoro likunje, lifunge kwa kamba, lipande basi. Najua ni jembamba, lakini ukiweka mawili juu ya mengine, au hilo moja juu ya kreti zilizopangwa vizuri, una pa kulala hadi upate la maana. Baadaye litakuwa kiti cha wageni ukilikunja dhidi ya ukuta na kulifunika shuka. Sanduku la bati ukilitandikia leso linakuwa meza, na ndani yake unaweka blanketi za ziada na vitu vya thamani, kwa sababu lina kufuli. Kwangu mimi hilo sanduku ni fanicha bora kuliko meza nyingi zinazouzwa kwa wanafunzi.

Chanzo cha pili ni wanaohama. Mwisho wa mwaka wa masomo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawataki kusafirisha meko, rafu za viatu wala viti hadi Migori. Wanauza kwa bei ya kutupa, na wengine wanakuachia bure ukisaidia kubeba mizigo yao hadi steji. Wafahamu kabla ya mitihani kuisha.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hupaswi kununua kikiwa kimetumika na mtu usiyemjua, nacho ni godoro. Kunguni hajali umenunua kwa bei poa. Anaingia kwenye mshono, na baada ya mwezi yuko kwenye kitanda, kwenye soketi, kwenye begi la shule. Gharama ya kumtoa, pamoja na usingizi uliopotea, inazidi bei ya godoro jipya. Kitanda cha mbao unaweza kununua, lakini kiangalie kwa tochi ya simu kwenye maungio na matundu ya skrubu. Ukiona vidoti vyeusi, shukuru uende zako.

Zile 3,000 sasa

Pesa za kwanza ziende kwa vile vinavyogusa mwili wako kila siku. Kwanza ni matandiko. Shuka mbili na foronya za mitumba kutoka Gikomba, Toi, Kongowea au Kibuye zinaweza kuwa za pamba nzito kuliko mpya za dukani. Ukitaka kuchagua vizuri, fika asubuhi wakati bale inafunguliwa, ingawa hapo bei ni ya kamera. Ukitaka kuokoa, fika jioni wakati wa fagia, uwe na subira ya kupekua. Ukifika nyumbani, loweka kwenye maji moto, fua, piga pasi. Zote. Usilale kwanza ndipo ufue.

Pili ni pazia. Chumba kisicho na pazia hakina usiri, na mtu hapumziki mahali anapoonekana na kila anayepita koridoni. Pazia zito pia huzuia baridi. Pima dirisha kabla ya kwenda sokoni, upana na urefu, uandike kwenye simu. Kukadiria kwa mikono kunaishia kwa pazia linaloning'inia katikati ya ukuta. Ukiongeza waya na leso mbili unaweza kutenganisha kitanda na upande wa kupikia. Hiyo leso peke yake hubadilisha chumba zaidi ya mapambo yote, kwa sababu unapolala huoni sufuria.

Tatu ni mwanga. Balbu ya dari iliyoachwa na mwenye ploti mara nyingi ni nyeupe kali, na chumba kinafanana na zahanati. Nunua balbu ya LED yenye mwanga wa manjano kidogo, na ukipata taa ndogo ya mezani ya kusomea, hutahitaji kuwasha ile kubwa usiku. LED hula stima kidogo, kwa hiyo tokeni zinakaa.

Sakafu ya simenti inaweza kungoja mwezi wa pili. Ukifika hapo, kapeti ya plastiki inayouzwa kwa mita inatosha, na unaifuta kwa kitambaa. Zulia la manyoya linapendeza kwenye picha, lakini kwenye chumba unachopikia ndani litakunywa mafuta na harufu ya omena. Kioo, mmea kwenye kopo, picha za ukutani: ongeza polepole, mwezi kwa mwezi, pesa zikiruhusu.

Namna ya kulipa nayo inakula pesa. Ukitoa 500 mara sita, unalipa ada ya kutoa mara sita; ukitoa 3,000 mara moja, unalipa mara moja, na jumla huwa ndogo. Afadhali zaidi ulipe moja kwa moja kwa nambari ya till ya muuzaji pale ilipo, kwa sababu kwa kawaida mnunuzi hakatwi. Muuzaji akikwambia utume kwa nambari yake binafsi "na ya kutolea", jua bei imepanda, na umuombe apunguze kiasi hicho. Kitu cha mtandaoni kutoka kwa mtu usiyemjua kilipie kikiwa mbele yako, si kabla. Na ukiuza wewe, usiachilie kitu kwa sababu mtu amekuonyesha ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, piga huduma kwa wateja au tumia njia ya kurudisha malipo dakika hiyo hiyo. Usianze kwa kumbembeleza uliyemtumia huku akielekea kwa ajenti kutoa.

Kuhusu kukopa kwa simu ili upambe nyumba: mkopo wa kununua godoro wakati unalala sakafuni naweza kuuelewa, kama unajua tarehe ya pesa zijazo. Mkopo wa spika, hapana. Ada huanza kuhesabika mapema, na HELB ikiingia inaweza kukatwa kabla hujaiona.

Julai ikifika

Wanaosoma Kiambu, Nairobi, Nyeri au Eldoret wanaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Hapo ndipo mtu huona njia rahisi ni kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Usifanye hivyo hata siku moja. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unasikia kichwa kizito, unafikiri ni usingizi, unalala, na huamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Pasha mwili, usipashe chumba. Chupa ya mpira ya maji moto chini ya blanketi, soksi, blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango. Kitanda kisigusane na ukuta wa nje. Ukianza kutumia meko ya mtungi wa kilo 6, pika dirisha likiwa wazi, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye kiungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja, funga na urudishe dukani. Ekstensheni ya bei ya chini sana isibebe kichemsha maji na pasi kwa pamoja.

Kitu cha mwisho, ambacho ni cha siku ile ile ya kuhamia. Kabla hujaingiza hata ndoo, piga picha za chumba kizima: kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea, alama za ukutani, na nambari iliyo kwenye mita. Mtumie keateka kwa WhatsApp siku hiyo, na maneno machache ya heshima: "Habari, hivi ndivyo nilivyokikuta chumba." Dipoziti ni 5,000, na siku ya kuhama ndiyo picha hizo zitakapoulizwa.