SOMO LA UCHUMI: Gharama Iliyozama, na Meli Ambayo Wengine Hatukuipanda



Mhariri wetu kaniomba niandike somo moja la uchumi ambalo hata mtu wa uuguzi na mtu wa kompyuta atalielewa bila kufungua kitabu. Nimechagua kitu ambacho wanauchumi wanakiita gharama iliyozama. Mfano nitakaoutumia sikuutoa darasani. Ulitukuta watu 9 wa jumuiya hii hii, mwisho wa Desemba 2021, siku nne kabla ya kupanda meli. Naomba wale tuliokuwa pamoja wasinichukie. Nimeacha majina yote.

Safari yenyewe

Wale mliokuwepo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tulishasoma mwaka mzima na zaidi kwa kompyuta, kila mtu kajifungia chumbani kwake huku Ohio, baridi nje, korona nje. Meli za utalii zilipoanza tena kuondoka bandari za Marekani na abiria mwezi Juni 2021, tukasema jamani, na sisi tupumue kidogo. Tukapata dili: usiku nne, kutoka Miami mpaka Bahama na kurudi, kuondoka Jumatatu tarehe 3 Januari 2022 na kurudi Ijumaa tarehe 7. Dola 420 kwa kichwa, vyumba vya ndani visivyo na dirisha, watatu watatu.

Kwa mtu anayeruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, tena ndani ya chuo, dola 420 si mchezo. Kuna aliyezipata kwa kuosha sahani bwaloni. Kuna aliyebeba maboksi ya vitabu stoo. Tulilipa kidogo kidogo tangu Agosti na daftari la michango nililishika mimi. Kwa hiyo kila dola iliyokuwa kwenye safari ile naijua ilikotoka.

Wimbi likaingia

Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti aina mpya ya kirusi. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likakipa jina la Omicron. Siku hiyo hiyo Marekani ikatangaza kuzuia wasafiri kutoka nchi 8 za kusini mwa Afrika, na ilipofika tarehe 29 mlango ukafungwa. Msumbiji na Malawi zilikuwemo, na hao ni majirani wa Tanzania, wanapakana nayo. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 31 Desemba, lakini ilishatufundisha jambo moja: mlango unaweza kufungwa ndani ya siku tatu, nawe uko upande wa nje.

Alhamisi tarehe 30 Desemba, CDC, yaani taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikapandisha onyo la safari za meli za utalii hadi ngazi ya 4, ya juu kabisa. Ushauri ulikuwa: epuka safari hizo, uwe umechanjwa au hukuchanjwa. Katika wiki mbili za kwanza za Desemba meli zilizokuwa chini ya uangalizi wake ziliripoti wagonjwa 162. Katika wiki mbili zilizofuata, 5,013. Unaposoma namba kama hizo na begi lako tayari liko mlangoni, tumbo linanguruma bila njaa.

Kwa nini meli? Kwa sababu inakusanya maelfu ya watu sehemu moja, wanakula pamoja, wanacheza muziki pamoja, na wafanyakazi wanalala wakibanana vyumbani kwao chini. Zahanati ni ndogo na hospitali ziko nchi kavu. Februari 2020 dunia nzima iliiona meli ya Diamond Princess ikiwekwa karantini Yokohama, Japani. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 Januari alikuja kukutwa na ugonjwa. Mwisho wa yote, katika watu 3,711 waliokuwemo, 712 waliambukizwa. Hata neno karantini limezaliwa bandarini: ni zile siku 40 ambazo Venice ililazimisha meli zisubiri. Na wenzetu wa Unguja wanakijua kisiwa cha Changuu, ambacho enzi za wakoloni kilitumika kuwaweka karantini watu waliokuja kwa meli.

Lakini nisiwe mwongo. Hali ya Desemba 2021 haikuwa ya Februari 2020. Abiria walio wengi sana walikuwa wamechanjwa, walipimwa kabla ya kupanda, na wengi wa walioambukizwa hawakuzidiwa. Meli zenyewe hazikusimamishwa. Kwa hiyo aliyetaka kwenda hakuwa mwendawazimu. Ndiyo maana uamuzi ulikuwa mgumu.

Mkataba ulisema nini

Usiku ule nikausoma mkataba wa safari mstari kwa mstari, kazi ambayo nilipaswa kuifanya Agosti. Ukighairi ndani ya siku 14 za mwisho unarudishiwa kodi na ada za bandari tu, ambazo kwetu zilikuwa dola 110. Dola 310 zimekwenda. Ila ukipimwa kabla ya kupanda ukakutwa na korona, unapewa hati ya kusafiri siku nyingine. Yaani mgonjwa anapata, mzima anakosa! Kaka mmoja wa Mwanza akasema basi tuitafute korona kabla ya Jumatatu. Tulicheka, lakini cheko la uchungu.

Bima ya safari tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida. Ililipa ukiugua au ukifiwa. Hofu haikuwemo. Ipo bima ya kughairi kwa sababu yoyote, lakini kwa kawaida lazima uinunue ndani ya wiki mbili au tatu baada ya malipo ya kwanza, na hurudisha nusu hadi robo tatu ya pesa. Sisi tulichelewa kwa miezi minne.

Mkutano, na kosa letu la kwanza

Tukaitisha mkutano kwa kompyuta. Hoja iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa hii: "Hela zetu zimeshaingia kule, hatuwezi kuziacha."

Hapo ndipo somo linapoanza. Gharama iliyozama ni ile uliyokwisha kuilipa na ambayo hairudi, uende au usiende. Angalieni hesabu yetu. Ukienda, dola 310 hazirudi. Ukibaki, dola 310 hazirudi. Kitu kilicho sawa pande zote mbili hakiwezi kukusaidia kuchagua upande. Ni sawa na mtu aliyenunua chakula bwaloni, akaonja akakuta kimechacha, halafu akakimaliza kwa sababu amekilipia. Hela haijarudi, na tumbo limeharibika juu yake.

Dola 110 za kodi, hizo zilikuwa hai, kwa sababu ukibaki zinarudi. Kwa hiyo swali la kweli halikuwa "Tutapoteza dola 420?" Lilikuwa hivi: kuanzia leo, siku nne za baharini zina thamani gani kwangu, nikitoa dola 110 na yale yanayoweza kunipata?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wanauchumi wameongeza tu kwamba usiamue njia ya kupita kwa kuyatazama yale maji.

Kosa la pili: kila mtu kujihesabia peke yake

Hoja ya pili ilikuwa: "Sisi vijana, tumechanjwa, uwezekano ni mdogo." Tuipige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kila mmoja ana nafasi 5 katika 100 ya kuambukizwa katika siku zile. Nafasi yake ya kubaki mzima ni 0.95. Nafasi ya wote 9 kubaki wazima ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 9, unapata kama 0.63. Maana yake nafasi ya angalau mmoja wetu kuugua ni 37 katika 100, zaidi ya mara moja katika kila mara tatu. Hesabu hii inachukulia kwamba kila mtu anaambukizwa kivyake, na sisi tungelala watatu chumba kimoja, kwa hiyo ni ya kukadiria. Lakini inaonyesha jinsi namba ndogo ya mtu mmoja inavyokuwa kubwa ya kundi.

Halafu uulize: akiugua mmoja, nini kinafuata? Mwenzetu mmoja alitakiwa aanze kufundisha Jumatatu tarehe 10 Januari. Akikutwa na ugonjwa Ijumaa ya kushuka, siku 5 za kujitenga zinamfikisha katikati ya wiki, yuko hotelini Miami kwa gharama zake. Mwingine visa yake ilikuwa imekwisha muda. Sheria ya mwaka ule ilimruhusu mwanafunzi kutoka kwenda visiwa vya jirani kwa siku zisizozidi 30 na kurudi bila visa mpya, mradi I-20 yake iwe na saini ya safari na hadhi yake ya masomo iwe safi. Kwenye karatasi alikuwa salama. Lakini kubakishwa Bahama na ugonjwa, visa imekwisha, na wiki nne tu nyuma umeona mlango ukifungwa kwa jirani zako, hilo halimo kwenye bei ya tiketi.

Kosa la tatu, na hili lilikuwa langu

Baada ya mjadala nikasema tupige kura, mtu anyooshe mkono mbele ya kamera. Saba wakanyoosha kwenda. Wawili wakakataa. Mimi nilikuwa kati ya wale saba. Nikafunga mkutano, nikasema demokrasia imesema.

Saa sita usiku simu ikalia. Dada mmoja wa Mombasa, naye alikuwa amenyoosha mkono kwenda.

"Kaka, samahani kwa usiku. Nataka nikwambie kitu, lakini kisifike kwa wengine."

"Sema, dada."

"Mimi nina selimundu. Mapafu yangu nikipata homa kidogo tu ni hospitali. Hata mwaka juzi nililazwa."

Nikanyamaza. Nikamwuliza kwa nini basi alinyoosha mkono.

"Niseme nini mbele ya watu wote? Nikikataa mtaniuliza sababu. Na hela ya chumba nishachangia na wenzangu. Nilikuwa nakwenda tu, kaka, nisionekane nawavurugia."

Jamani, nilikaa kitandani na lile daftari la michango na nikajiona mjinga. Nilijua kila dola ilikotoka. Nani ana mapafu gani, sikujua, na sikuwa nimeacha nafasi ya mtu kuniambia. Ameniruhusu niandike haya bila jina, na amesema yaandikwe kwa sababu hayuko peke yake.

Asubuhi nikawaandikia wote: kura ya jana nimeifuta. Kila mtu anipigie simu peke yake, aseme anakwenda au hakwendi, na sababu asiitoe. Hakuna atakayedaiwa chochote na mwenziwe wa chumbani. Majibu yalipokamilika, wanaokwenda walikuwa 4, wanaobaki 5. Na mimi nikabaki. Kwa hiyo katika wale saba wa jana, watatu tulibadilika ndani ya usiku mmoja, na katika simu zile hakuna aliyenitajia dola 420.

Yaliyotokea

Mtataka kujua mwisho. Wanne waliokwenda walirudi wazima, weusi kwa jua, na picha hata hazihesabiki. Mimi niliyebaki niliipata korona Januari hiyo hiyo, hapa hapa chuoni, nafikiri katika jiko la bwalo. Siku tano chumbani, naangalia picha zao za bahari. Walinicheka na wana haki.

Lakini sijutii, na hili ndilo somo la mwisho. Uamuzi haupimwi kwa matokeo peke yake. Unapimwa kwa uliyoyajua siku ile na kwa jinsi ulivyoyapima. Anayevuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo salama hajaamua vizuri, amebahatika. Wale wanne hawakufumba macho; walijua hatari, hawakuwa na ugonjwa wa kudumu, na walikubali kuibeba. Uamuzi wao ulikuwa mzuri kwao. Uamuzi wa yule dada ulikuwa mzuri kwake. Ule wa mikono juu ndio ulikuwa mbaya, hata kama wote 9 tungerudi tunaimba.

Zoezi

CDC ilifunga mpango wake wa korona kwa meli za utalii Julai 2022, na leo watu wanasafiri kama zamani. Lakini mawimbi hayajaisha duniani, na si ya korona tu. Ipo harusi uliyokwisha kuilipia ukumbi, ipo kozi uliyoisoma miaka miwili na huitaki, ipo tiketi ya nyumbani wakati kuna vurugu. Kabla ya kuamua, chukua karatasi ujibu haya:

1. Pesa gani zimekwenda, niende nisiende? Zikate kwa kalamu, zisirudi kwenye hesabu.
2. Pesa gani bado ziko hai, na mwisho wake ni siku gani?
3. Likitokea baya, litaangukia nani? Mimi, au mtu niliyelala naye chumba kimoja?
4. Hati zangu zinaniruhusu kurudi hata nikichelewa wiki mbili? Hilo liulizwe ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kulipa.
5. Je, kila mmoja katika kundi amepata nafasi ya kusema hapana bila kutazamwa usoni?

Namba 5 haimo katika kitabu changu cha uchumi. Mimi nilifundishwa kwa simu, saa sita usiku.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia riba za kadi za benki. Tusome kwa bidii, tuombeane heri.

Wasalaam,
Mweka hazina wenu wa zamani