Mteja akiulizia kadi ya grafiki, omba picha kabla ya kutaja bei

Leo naongea na sisi tunaouza vifaa vya kompyuta kwa WhatsApp, Facebook na Instagram, hasa tuliopo huku Shinyanga, Kahama na Geita. Mteja wetu haji kushika mzigo. Anaona picha, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Ukikosea, unalipa nauli mara mbili.

Nilipoanza kuuza kadi za grafiki, kijana mmoja wa Katoro, mchimbaji mdogo, alinitafuta akiwa ametoka kupata mgawo wake. Alikuwa na kompyuta ya mtumba, zile zilizotoka maofisini, anataka icheze GTA V bila kukwamakwama. Akauliza, "Kaka, una kadi gani kali isiyofika laki tatu?" Nikamjibu RX 580 ya GB 8. Hela ikaingia palepale, nami nikafurahi.

Siku ya tatu akanipigia kwa video. Kadi iko mezani, kompyuta iko wazi, na kadi haiingii. Kumbe mashine yake ni Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba. Hata ingeingia isingewaka, maana pawa saplai yake ni ya wati 240 tu na haina waya wa kuipa kadi umeme. Jioni ile jina langu likawa kwenye grupu, na neno "tapeli" pembeni yake.

Nilirudisha hela yote, nikalipa basi na bodaboda kwenda na kurudi. Faida ya kadi tatu ikaishia hapo. Na kadi yenyewe ilikuwa nzima kabisa! Kosa langu lilikuwa kutaja bei kabla sijajua inakwenda kufungwa wapi.

Tangu siku hiyo, mtu akiuliza "bei gani?" namjibu kwa heshima anitumie picha tatu: kompyuta ikiwa imefunguliwa ubavu, lebo ya pawa saplai, na nyuma ya monita panapochomekwa waya. Pia namuomba jina la prosesa. Wapo wanaokasirika wakaenda kwa mwingine. Waache waende.

Picha ya kwanza inakuonyesha nafasi. Kasha jembamba linataka kadi fupi ya kimo, yenye bati fupi la nyuma. Kasha la mnara linapokea kadi ya kawaida, ila pima urefu, kwa sababu kadi za feni mbili au tatu huwa zinagonga sehemu ya hadi diski.

Lebo ya pawa saplai ndiyo inayoamua mambo mengi. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimetengenezwa kuishi na kiasi hicho, ndiyo maana nyingi hazina tundu la waya wa ziada. Nyingi, si zote. Geuza kadi uangalie. Zaidi ya hapo kadi inataka waya kutoka pawa saplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150.

Sasa angalia kadi za daraja la kati zenyewe. RX 580 inakula wati 185. RTX 3060 inakula 170. RX 6600 ni 132, GTX 1660 Super ni 125, na RTX 4060 iliyotoka 2023 ni 115 tu. Yaani kadi mpya zaidi inaweza kula umeme mdogo kuliko ya zamani na bado ikaishinda kwa mbali. Mteja mwenye pawa saplai ya kawaida, RX 6600 inamfaa kuliko RX 580 hata kama bei imepanda kidogo. Mwambie hivyo, usimuuzie ile iliyokukalia dukani.

Kuna viunganishi vinavyogeuza waya wa hadi diski kuwa pini 8. Mimi siviuzi. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo, unachemka, unayeyuka. Kama pawa saplai haitoshi, mtajie bei ya kadi pamoja na ya pawa saplai. Lakini tahadhari: OptiPlex 7010 ya mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, wakati OptiPlex 9020 ina ya pini 8 na HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Hizo mbili zinahitaji kiunganishi chake maalumu, na ukikisahau mteja atakaa na maboksi mezani mpaka umtumie kingine.

Picha ya monita watu wengi wanaidharau. Monita nyingi za mtumba huku kwetu zina VGA tu, ile ya bluu, na kadi za kuanzia GTX 1050 na kuendelea hazina VGA. Weka kibadilishi cha HDMI kwenda VGA kwenye hesabu tangu mwanzo. Na ukiletewa "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA, shtuka. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Fungua programu ya GPU-Z, ni ya bure. Kadi za namna hiyo huwa inaziandikia neno FAKE mbele ya jina.

Prosesa nayo ina neno lake. Mwenye i5 ya kizazi cha 3 ukimuuzia RTX 3060 ni kama kufunga injini ya Fuso kwenye bajaji. Atalalamika kwamba kadi ni mbovu, kumbe prosesa ndiyo inayochoka. Mashine hizo pia usizipe RX 6500 XT: inatumia njia 4 tu za mawasiliano na mazabodi, na kwenye mashine za zamani ambazo njia hizo ni nyembamba inapoteza kasi kweli.

Soma jina la kadi mpaka herufi ya mwisho. RX 580 yenye maandishi 2048SP kiini chake ni sawa na cha RX 570. GTX 1060 ya GB 3 haikupungua memori tu, na kiini chake kimepunguzwa. RTX 3060 ipo ya GB 12 na ya GB 8, na ya GB 8 ni dhaifu zaidi. Ukitangaza jina fupi tu, mteja akija kugundua hatakuelewa.

Halafu kuna kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni. Huku ukisema kadi ni ya uchimbaji, mtu anadhani imetoka Bulyanhulu! Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo zikamwagwa sokoni. Sizikatai. Nakagua feni, nabadilisha pasta ya joto, naicheza gemu saa nzima nikiangalia joto, na namwambia mteja ukweli kabla hajalipa. Bei inashuka, lakini simu za usiku hazipigwi.

Kabla ya kufunga mzigo, narekodi video: kadi ikifanya kazi, namba yake ya siri ya kiwandani, na karatasi yenye jina la mteja. Naituma kwake, nyingine nabaki nayo. Waranti yangu ni siku 14, haihusu kadi iliyounguzwa na umeme, na nakumbusha stabilaiza na kupuliza vumbi kila mwezi, maana vumbi letu mnalijua.

Yule kijana wa Katoro nilimpelekea baadaye GTX 1650 fupi, isiyo na waya, pamoja na kibadilishi cha VGA. Ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ile RX 580. Iliingia, ikawaka, na yeye mwenyewe akaenda kuandika kwenye lile grupu.